Mkaratusi Uliogoma Kukua

Bosi wangu wa kwanza alikuwa na vyeti vitano vya kompyuta ukutani, vyote vimetiwa fremu, na kichwani hakuwa na hata kimoja. Stesheneri yake ilikuwa Tunduma, kando ya barabara ya malori. Mimi nilikuwa natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti na kumsifia. Kazi nzito ilikuwa hiyo ya kusifia. Akiwasha kompyuta ikawaka, ilibidi mtu aseme, "Duh, bosi!"

Asubuhi moja aliingia mama mkulima wa kahawa kutoka Ruanda, kule Mbozi. Alifungua kanga, akatoa mfuko wa nailoni, ndani ya nailoni bahasha, na ndani ya bahasha picha ya harusi yake iliyopigwa shambani kwao, ndogo kuliko kiganja. Maharusi mbele, wageni nyuma, na kwenye kona ya kushoto mti mwembamba kama njiti ya kiberiti.

"Nataka mnikuzie huu mkaratusi," alisema. "Ndio mpaka wetu. Jirani kaukata, kisiki kakichoma moto, sasa anasema hapo hapajawahi kuwa na mti. Mistari yangu minne ya kahawa imehamia kwake. Baraza la kata linakaa leo saa nane."

"Mama, umefika," bosi akasema, huku akipangusa sukari ya andazi kwenye suruali. "Saa nne haijafika, umeshaondoka. Tutaukuza mpaka ndege watue."

Akaskani, akaifungua picha kwenye ile programu yake ya kuhariri. Akazungusha gurudumu la mausi ili aishushe kidogo tu. Picha ikaruka! Skrini nzima ikawa tundu moja la pua la bwana harusi, kubwa kiasi kwamba lori la shaba lingepita humo bila kupunguza mwendo. Akazungusha kurudi, harusi yote ikawa doa. Akasogeza mausi kwenye kona, akajaribu tena, tukazama kwenye ukungu wa njano.

"Mnaona hiyo njano?" akasema kwa sauti ya daktari anayewatoa ndugu nje. "Hivyo ndivyo virusi vyenyewe."

Alipambana na virusi nusu saa. Akazima, akawasha. Nikasema, "Duh, bosi," bila moyo. Njano ikarudi palepale. Hapo akagundua jambo jipya: "Ni mtandao wa Zambia. Unavuka mpaka, unaingia kwenye mashine." Mtu mzima, mwenye vyeti vitano, anasema hivyo mbele ya watu wanaolipa kodi.

Mwishowe, kwa bahati na kwa kubana pumzi, mti ukajaa skrini. "Umekua!" akapiga kelele, akaprinti. Printa ikatema harusi nzima, na njiti ileile pembeni. Akaukuza zaidi, akaprinti. Njiti. Akaukuza mpaka tukaona magome ya mti, akaprinti, kisha akaitukana printa.

Mama akazipanga karatasi tatu juu ya kaunta. "Mwanangu," akanigeukia mimi, "nilisema mkuze. Nyie mnazalisha."

Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni mwaka uliotangulia, na fizikia nilipata D. D nene, yenye afya. Mwalimu wetu aliwahi kuweka lenzi juu ya sisimizi akatuuliza, sisi watu wazima wenye ndevu, kama sisimizi kanenepa. Darasa likasema ndiyo. Alitucheka mpaka akakaa chini.

"Bosi," nikasema, "hapo unakuza macho yetu tu. Mti wenyewe hujaugusa."

"Wewe nyamaza. Umesoma gizani."

"Basi aliyesoma gizani ajaribu," mama akasema, "maana wa mchana saa nne imempita."

Nikaigeuza kibodi juu chini, nikaipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Yakamwagika makombo ya maandazi ya kulisha ukoo mzima hadi mavuno. Kitufe cha Alt, kilichokuwa kimenaswa chini kwa sukari iliyoganda, kikaruka juu. Kwenye programu ile, ukishikilia Alt, gurudumu halishushi picha bali linaikuza. Nikazungusha gurudumu, picha ikashuka taratibu, kwa adabu. Zambia ya watu haikuwa na kosa.

Nikachora fremu kuzunguka ile kona, nikakata vingine vyote. Kipande kilichobaki nikakipanua kijaze karatasi nzima, nikaprinti. Kilitoka na chengachenga, lakini mkaratusi ulisimama. Na ile njano ya bosi ilikuwa shati. Ndani ya shati alikuwemo kijana, ameegemea shina, chupa ya soda mkononi, miguu kaipishanisha kama mwenye mji.

Mama aliinama mpaka pua ikagusa karatasi. "Huyu ni yeye."

"Nani, mama?"

"Jirani. Kaegemea mti ambao haukuwepo."

Akaondoka mbio. Hata hajafika stendi, bosi alishamwambia mteja mwingine kwamba ametoa virusi kwa mkono wake mwenyewe. Na andazi jipya akalimega palepale, juu ya kibodi.

Jioni mama akapiga simu. Jirani alikana mbele ya baraza: huyo si yeye, na maishani hajawahi kuwa na shati la njano. Mkewe, aliyeletwa kumtolea ushahidi, akaipokea picha, akaitazama, akasema, "Hili? Nimelifua miaka sita, likaishia kuwa tambara la kupigia deki."

Baraza zima lilicheka. Mistari minne imerudi, na jirani kaambiwa apande mkaratusi mwingine palepale, mama akisimamia.

"Nipo naye shambani sasa hivi," alisema. "Mwambie bosi wako, virusi vyake vinachimba shimo."