Mashine ya Ngazi Sitini na Nne

Asubuhi za Kasulu zilinuka moshi wa mkaratusi mbichi na udongo mwekundu uliolowa, na hadi leo harufu hiyo ikinipata popote nahisi upweke. Mwaka 2013 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba, daktari aliyeletwa Kigoma kutoka Kilimanjaro, alikuwa amehamishiwa Kibondo; mama, mwalimu, alibaki Kasulu nami. Kabla ya uhamisho huo mimi na baba tulicheza chesi kila jioni, na ndiyo kwanza nilikuwa nimeelewa jinsi farasi anavyoruka. Baba akaona anitafutie kitu cha kukaa kwenye kiti chake: mashine ya betri inayocheza chesi na mtu aliye peke yake.

Tulizikuta mbili kwenye soko la pembezoni mwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa mama mmoja Mkongomani aliyeuza redio na pasi za mitumba. Moja ilikuwa ndogo kama kitabu, yenye ngazi chache. Iliwasha taa ukikosea na ikakuruhusu kurudisha kete. Ya pili ilikuwa pana, nzito, ya ngazi sitini na nne.

“Papa Dokta, iyi ya kidogo ndiyo ya mutoto,” yule mama alisema. “Ile ingine itamupiga kila siku mpaka ataichukia.”

“Huyu si mtoto wa kupigwapigwa,” baba alijibu akicheka, kisha akanigeukia. “Chagua mwenyewe, mama.”

Nilitaka kufanana na maneno yake. Nikashika ile kubwa.

Hatukujua kwamba zile ngazi zilipima tu muda wa mashine kufikiri, si ukali wake. Hata ngazi ya kwanza haikunisamehe. Masika yote nilikaa dirishani, ukungu umefunika migomba, nikisogeza kete za mashine pale taa zake zilipoelekeza. Kila siku nilimuua mfalme wangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Baba alikuwa mtumishi wa serikali hasa. Kwake kila kitu kilikuwa na daraja. Kwenye simu hakuuliza kama nafurahia mchezo. Aliuliza, “Umefika ngazi ya ngapi?” Nikasema ya tatu. Alipouliza tena, nikasema ya tisa.

Pasaka alikuja, viatu vimejaa tope la barabara ya Kibondo. Nilikuwa nimeshapanga ubao wetu wa mbao mezani.

“Aka! Nicheze na mtu wa ngazi ya tisa? Unataka kuniaibisha mbele ya mama yako?”

Mama akacheka. Ilikuwa zamu yangu kusema kwamba nimedanganya, lakini uso wa baba ulikuwa umejaa fahari. Nikazirudisha kete ndani ya boksi moja moja. Hatukucheza tena, wakati ule wala baadaye.

Chuo kikuu kilinifundisha kuhoji kila kitu, nami nahoji hadi watu wananikimbia. Swali moja tu sijathubutu kuliuliza: siku ile baba alijivunia mtoto wake, au alikuwa amechoka kucheza, nami nikamfungulia mlango wa kutokea?

Sasa amestaafu, anaishi Moshi. Jumapili hupiga simu kuuliza nimefika wapi kazini. Wiki iliyopita nilimwambia nimepandishwa cheo, jambo ambalo si kweli. Alifurahi mno. Akasema basi hana la kunishauri tena, akakata simu.