Mguu wa Kushoto

Nipe gari lolote lenye klachi, hata liwe bovu namna gani, nitaliendesha. Miaka kumi na minne nimepeleka lori Mombasa hadi Kampala. Basi niambieni, ni shetani gani aliyeunda basi la kuongezwa mwendo kwa mguu wa kushoto?

Nilikuwa soja wa getini kwenye jumba la makumbusho ya magari hapa Doha. Ndani kuna mabasi ya zamani ya umeme, yenye vyuma viwili virefu juu ya paa vinavyogusa nyaya, na kila Ijumaa huzungusha wageni uwanjani. Kampuni ilipotuambia masoja wote tunarudishwa nyumbani, ilibaki nafasi moja tu, ya dereva wa mabasi hayo. Niliitaka kufa kupona. Mke wangu ni yaya huko Al Thumama, na mkataba wake ulikuwa bado miaka miwili. Tulionana Ijumaa peke yake, saa chache tu, lakini tulionana.

Nilijifunzia chumbani kwetu Industrial Area, mtaa wa vibarua, nimeketi kitandani, malapa mawili sakafuni: la kushoto nenda, la kulia simama. Wenzangu walicheka mpaka machozi.

"Dere, shukisha hapo mbele!"

Nikawaambia chekeni tu, mtanikoma.

Siku ya jaribio, msimamizi, mzee wa Kihindi mpole, alimruhusu mke wangu apande. Akaketi nyuma yangu. Mzunguko wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Nikamsikia akinong'ona, "Asante Yesu." Hapo ndipo paka alipokatiza njia.

Dereva wa lori akishtuka hukanyaga klachi na breki kwa mpigo. Nikakanyaga, kushoto kukitangulia. Mungu wangu! Basi liliruka mbele, likapanda ukingo, vyuma vikachomoka kwenye nyaya, kila kitu kikazima.

Hakuna aliyeumia, hata huyo paka. Nilimshika mzee mkono, nikamwita baba, nikamlilia anipe mzunguko mmoja tu, nitaufunga huo mguu kamba, chochote atakacho. Alinihurumia, niliona. Lakini akatikisa kichwa.

"Khalas, imekwisha, rafiki," akasema, akaenda kurudisha vyuma kwenye nyaya.

Mke wangu hakunilaumu. Heri angenitukana. Alinifuta jasho kwa leso yake, akaniuliza polepole, "Sasa Ijumaa ijayo mimi nitaenda wapi?"