Mbaazi za Bi Maisara

Mji wa Kale mzima hakuna mtu mgumu kukirimiwa kama Charo. Si mgonjwa, hana kisukari. Ni kazi yake. Huwahoji wakimbizi wanaoomba hifadhi, kisha huamua nani akubaliwe na nani akataliwe, kwa hiyo kahawa ya mtu humtia hofu. Harusini huenda ameshiba. Ukimsukumia sahani ya halwa, utakuta ana jino linalomuuma.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja: mbaazi na mahamri ya Bi Maisara, jirani yake, auzaye barazani kila asubuhi. Pale alinunua kama mteja yeyote. Siku za karibuni bakuli lilikuwa likija limefurika, naye akajipa moyo kwamba ni heshima ya mteja wa kudumu. Tumbo nalo lina ujinga wake!

Jumatatu moja Janet, mshonaji aliyekimbia Burundi, akaingia ofisini mwa Charo kuomba hifadhi. Nyuma yake, buibui limenyooshwa pasi, Bi Maisara.

"Bwana Charo, huyu ni mpangaji wangu, ni kama mwanangu. Nawe si mgeni kwangu."

Charo akakumbuka bakuli lililokuwa likifurika. Akafunga faili.

"Kesi hii siisikilizi mimi. Ataisikiliza mwenzangu Eddah."

"Eddah? Yule asiyecheka?"

"Huyo huyo."

Janet akaangua kilio. Akikataliwa, atarudishwa kwa waliomchomea nyumba, mume wake akiwa ndani. Bi Maisara alimtukana Charo njia nzima mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo hakumuuzia hata hamri moja. Charo akawa anakunywa chai kavu, roho inamuuma.

Eddah alimhoji Janet kutwa, bila chai, bila tabasamu. Akamkubali.

Vigelegele vikajaa kichochoro. Bi Maisara akamgongea Charo mlango.

"Umeona? Mtu asiyetujua amemhurumia. Wewe jirani ukamtupa!"

"Hakumhurumia, Bi Maisara. Alimsikiliza." Charo akainamisha macho, aibu imemshika. "Mimi ningemkataa."

"Kwa kosa gani?"

"Hana kosa. Ningemkataa ili watu wasiseme umeninunua kwa mbaazi."

Bi Maisara akaketi kizingitini pa Charo, mkono kinywani, huku kutoka nyumbani kwake sauti ya Janet ikisikika akicheka na wanawake.