Friji za Wanaoondoka

Nilikwenda Brussels kwa ajili ya friji. Shemeji yangu, maman Furaha, dada wa mke wangu aliyekimbia vita Uvira, ng'ambo ya ziwa, zamani, alinipigia simu Kigoma. Ofisa wa jeshi la Marekani ambaye yeye humsafishia nyumba alikuwa anafunga mizigo ahame, na majirani zake wawili vilevile. Mimi huuza vyombo vilivyotumika. Nikasema nakuja.

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa shemeji, mtaa wa Berchem. Binti yake, Grâce, alikuwa mezani amevaa sare ya jeshi la Ubelgiji. Mama mtu aliangalia dirishani.

"Banamupeleka Lithuania," akasema. "Bamarekani banapunguza batu kule, donc batoto yetu njo banajaza nafasi. Beau, shemeji yangu, umuambie. Wewe atakusikiya."

Nimewahi kumshusha bei muuza jenereta mpaka akaomba maji ya kunywa. Nikamwambia Grâce aahirishe mwaka. Akatikisa kichwa. Miezi sita? Basi wiki mbili?

"Tonton," akaniambia, "jeshi haina rabais, haina kupunguza bei."

Mchana tulifika kwa yule ofisa. Friji tatu, yake na za majirani. Nikahesabu tena: tatu. Mkewe alituambia kwa upole kwamba ahadi ya kuilinda Ulaya iko palepale, ni watu tu wanaopungua. Shemeji alifungua friji moja; ilikuwa imeoshwa, tupu. Akanigeukia.

"Kule Uvira, basoda, baaskari ba kutulinda, balisema banabaki. Kisha bakauzisha friji. Juma ile ingine tukalala mu pori. Muntu wa kubaki anabakiya na friji yake."

Sikuomba punguzo siku hiyo.

Jumatatu, nje ya kambi, Grâce alipiga magoti kando ya barabara, mama yake akamwekea mikono kichwani. Alimwombea mpaka dereva wa basi la jeshi akazima injini. Mwishowe mama akamwinamia: "Ukiona basoda ba kule nabo banauzisha bitu, ukimbie. Usingoje ordre ya mukubwa."

"Maman, mimi njo soda sasa. Nikikimbia, bamama ba kule batalala wapi?"

Shemeji akamwinua. Basi likaondoka.

Nimerudi Kigoma. Nilidhani muungano wa kijeshi wa Marekani na nchi za Ulaya ni karatasi na bendera. Sasa najua kipande chake kimoja kina miaka ishirini na mitatu na hakitaki sukari kwenye chai.

Jana shemeji alipiga simu. Hakuwa na habari ya bidhaa. Aliuliza tu kama mtandao kwetu unafanya kazi, maana Grâce hajajibu ujumbe wake tangu asubuhi. Nikamwambia unafanya kazi. Baadaye nikaona ingekuwa heri ningedanganya, apate kulaumu mtandao.