Siri Yangu Niliipeleka Redio Koli

Chekeni tu, Tanga nzima ilishanicheka kabla yenu, na mimi aibu nimeizoea ila hasira sijaimaliza mpaka leo.

Miaka ile ya kupanga foleni nilimwambia kaka yangu wa Wete, Pemba, kwa simu ya serikali, kwamba nimebahatika kupata sukari na nimeificha uvunguni, na kabla ya magharibi mgambo walikuwa wamepiga magoti chumbani kwangu Makorora wanachungulia kitanda. Nikaapa serikali hainisikii tena. Kwa hiyo biashara zilipofunguliwa, na kampuni ya mtu binafsi ikaleta redio koli ya kuongea na Pemba, mimi nilikuwa wa mwanzo kupanga foleni (foleni tena, si nilishazizoea).

Nilikuwa na jambo zito. Nilishaposa kwa Mzee Shebe wa Mabawa, binti yake Mwanakombo, nikaha imekaribia, na mimi, fundi cherehani mzima, baada ya homa ndefu nguvu za kiume zilikuwa zimenihama, na kaka alikuwa anamjua mganga wa mizizi. Nikamuuliza kijana wa kampuni, amevaa tai, kama pale pana usiri. Akasema, "Hapa ni kampuni, kaka, si serikali. Lako halitoki mlangoni." Akaniingiza kwenye chumba chenye zulia na pazia zito, akafunga, nami nikauamini mlango (niambieni, mlango gani unaozuia redio?).

Nikaanza kwa kunong'ona. Kaka akasema hanipati, rudia, ova. Nikapandisha sauti, rudia tena, ova. Mwisho nikawa napiga kelele kama mnadi samaki, nikataja jina langu, jina la mchumba, maradhi yalivyoanza, na kwamba dawa inifikie kabla ya nikaha, ova.

Hakuna aliyeniambia kwamba mwenye redio yoyote anasikia. Mashamba ya mkonge wanazo, mawakala wa boti wanazo, spika iko kaunta, na karani wa wakala mmoja alikuwa Mzee Shebe mwenyewe, mbele ya abiria wake.

Ijumaa msikitini watu wakanipa pole bila kusema ya nini. Nikarudi kwa kijana wa tai kumgombeza. Akanijibu taratibu, "Ulilipa usikike Pemba. Kwani hukusikika?" Nikaenda serikalini kushtaki (mimi huyo huyo wa sukari), mama wa mapokezi akanisikiliza nusu, akaniambia hakuna haja ya kueleza, redio ya ofisi ilikuwa wazi siku ile. Serikali walinisikiliza bure, kampuni wakanitoza, na wote hawana hata haya.

Mabawa nikakuta posa yangu imeshafungwa kwenye kitambaa, inanisubiri. Mwanakombo akasema nami akiwa nyuma ya mlango.

"Sikukatai kwa maradhi. Maradhi ningekufichia mpaka kaburini. Umewaambia watu wote, mimi hukuniambia."

Nikaichukua posa yangu nikaondoka, na maneno hayo ndiyo yanayoniunguza kuliko kampuni na serikali zote mbili. Sasa nikiwa na neno la ndani navuka mwenyewe mpaka Wete nikamwambie kaka sikioni, na atakayenionesha chumba chenye pazia nitamtukana.

Dawa ilifika, na ni nzuri kweli. Mwanakombo ameolewa huko Moa.