Mitego ya Waya ya Baba Tumaini

Usiku ule nililala huku nasikia waya unakatwa. Mwanangu Tumaini alikuwa jikoni kwangu, amekaa kwenye kigoda, anakata vitanzi vya kutegea pelele. Koleo lilikuwa linalia ka, linanyamaza, linalia tena. Nilimwambia akakatie kwake kwa mke wake. Akasema kwake watoto wamelala.

"Na mimi je, niko harusini?"

"Wewe Mama hulali mapema. Unafumba macho tu usikilize watu."

Waya ule ulikuwa wa baba yake, marehemu mume wangu. Umening'inia kwenye pao la jikoni miaka yote hii, umeviringwa, moshi umeupaka weusi lakini haujashika kutu. Tumaini aliuona akitafuta kamba ya mbuzi. Akaniomba. Nikamwambia chukua, kitu cha baba yako ni chako. Alfajiri yake alikuwa apande msituni kutega, apate cha kununulia sabuni na madaftari, na pia, nadhani, afanye alichokuwa akifanya baba yake.

Nyie wajukuu mnaosoma haya hamkuiona kazi hiyo, kwa hiyo niwaeleze. Kwetu milimani kipupwe ni kipupwe kweli. Asubuhi nyasi ni nyeupe kwa sakitu. Viazi vimeshachimbwa, shamba limelala, wanaume wanabaki kuota moto na kusengenya. Baba Tumaini hakupenda kusengenya. Yeye alitega. Hakuwa mwindaji, alikuwa mkulima kama wenzake. Kutega kulikuwa starehe yake ya baridi, na humo humo ikapatikana hela ya chumvi. Siku hizi kuna vibali na kuna kesi, lakini hayo sikuyaota.

Pelele ni mnyama mdogo wa juu ya miti, umbo kama sungura aliyekosa masikio, na usiku analia kama mtu anayekabwa. Baridi ikizidi, manyoya yake yanajaa. Baba Tumaini aliziwamba ngozi kwa vijiti vya mwanzi, akazikausha kivulini, akazishona blanketi. Wazee wenye mifupa inayouma walizifuata mpaka mlangoni.

Kutega nako kulikuwa na sheria zake. Kitanzi kilikuwa cha kamba ya gome. Mvua za kwanza zikinyesha kamba inaoza, na mtego uliosahaulika unakufa wenyewe. Mtegaji anazungukia mitego yake alfajiri, na haweki kitu mdomoni mpaka amalize, kwa sababu huko juu kuna kiumbe kimebanwa kinamngoja, na si adabu kukiendea umeshiba. Na mtegaji akifa, ndugu zake wanapanda kutegua mitego yake yote kabla hajazikwa. Maiti inasubiri ndani mpaka warudi.

Kipupwe chake cha mwisho, Baba Tumaini aliacha kamba akashika waya. Alikuja mnunuzi kutoka mjini anataka ngozi nyingi, hata zenye matobo. Mimi nikamwambia, waya hauozi. Akanijibu, "Ndiyo uzuri wake." Baridi ile ile kifua kikambana, akafa akiwa hajasema neno. Shemeji zangu walipanda, wakategua mitego ya kamba, ile wanayoijua, wakarudi wakasema tayari. Ile ya waya alikuwa ameificha wazee wasimseme. Tukamzika.

Basi usingizi ulinichukua na ile ka, ka, na nilipofungua macho, macho ya ndotoni, aliyekaa kwenye kigoda hakuwa Tumaini. Alikuwa baba yake.

Koti lake limelowa ukungu. Hana viatu, miguu imejaa matope meusi ya msituni. Sikushangaa. Nilichukia tu kwamba ananichafulia sakafu.

"Umezeeka, Mama Tumaini," akasema.

"Na wewe umekufa. Tusichekane."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. Nikampakulia viazi kwenye bakuli, vina moshi bado, nikaliweka mbele yake. Akalitazama. Nikaona koo lake linapanda na kushuka kama la mtu anayemeza mate. Mikono akaiacha magotini.

"Kula basi. Au siku hizi napika vibaya?"

"Sijamaliza mzunguko."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Tangu lini?"

"Tangu mliponizika."

Nikatazama bakuli nisimtazame yeye, na viazi vilikuwa vimechipua, vimetoa miche mirefu myeupe kama vilivyosahaulika ghalani. Nilipoinua kichwa, ukuta wa jikoni nyuma yake haukuwepo. Ulipokuwa ukuta umeanzia msitu.

Anasimama, anaingia. Namfuata. Magoti yangu hayaumi, napanda kama msichana, na hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu najua magoti yangu. Ukungu umejaa kati ya miti. Ndevu za miti zinazoning'inia matawini zinadondosha maji. Yeye anatembea mbele, ameinama, anatazama chini ya kila shina kama alivyofanya enzi zake, lakini enzi zake alipiga mluzi. Sasa hapigi.

Anasimama penye mti mkubwa, ananionyesha kwa kidevu. Kuna mifupa midogo, myeupe, imelala vizuri, na katikati ya mifupa kuna waya umekaza. Umekaza bado. Anaupita. Mbele kidogo kuna mwingine, na humo mna kitu cha juzi, chenye nzi. Anaupita. Mbele mwingine. Nataka kumwambia pumzika, lakini namjua, hakuwahi kupumzika kwa kuambiwa.

Halafu hatuko msituni. Tuko uani, kwenye kile kibanda cha kuwambia ngozi. Mimi nimeshika upande mmoja wa ngozi na yeye upande mwingine, kama tulivyokuwa tukifanya, tunavuta iwe sawa. Tunavuta. Ngozi inakuja tu, inazidi kuja, inajaa kwenye mapaja yangu, inamwagika chini, wala haina hata unyoya mmoja. Nje ya kibanda kuna sauti ya yule mnunuzi, simwoni, naisikia: "Kuna nyingine, mzee? Leta na hiyo nyingine."

Baba Tumaini anaendelea kuvuta. Ananiambia mimi, taratibu, "Nilifurahi kuambiwa leta. Sikuwahi kuambiwa na mtu wa mjini."

Nilikuwa na maneno yangu niliyomwekea miaka yote. Nilitaka kumwambia, nilikwambia mimi. Mdomo ukafunguka, na neno likawa halina kazi.

Tunarudi msituni. Ama msitu unarudi kwetu. Sasa kuna pelele mzima. Amebanwa mguu, amechoka kujivuta, amekaa tu anatutazama kwa yale macho meusi yasiyolaumu. Baba Tumaini anapiga magoti kwenye matope. Anaushika waya aulegeze. Vidole vyake vinapita katikati ya waya kama moshi unavyopita katikati ya mabua ya paa. Anajaribu tena. Ile ilikuwa mikono iliyomtoa mbuzi wangu mtoto aliyekwama tumboni, mikono iliyoshona blanketi lisilopitisha upepo. Anajaribu na meno.

"Acha," namwambia. "Acha, baba. Unajitesa."

Anageuka. Nilikuwa nimeisahau sura yake ya kuomba, maana hakuitumia sana.

"Kila alfajiri nawakuta," anasema. "Siwezi kuwatoa, siwezi kuwaua. Nawatazama tu, halafu naenda kwa mwingine. Mama Tumaini, yangu bado inakamata. Mwambie mtoto."

"Nionyeshe yote ilipo. Nitapanda mwenyewe."

Hapo akautazama ukungu unavyosogea. Kisha akasema kwa aibu, kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni:

"Ile ya kamba niliijua mmoja mmoja, hata ungeniamsha usingizini. Hii ya waya nilikuwa naweka tu."

Nikanyoosha mkono nimtoe pelele. Niliuona waya, niliona ulivyopinda, nilijua kabisa pa kubana ulegee. Nikashika, na nilichoshika kilikuwa pindo la blanketi langu kitandani.

Nilikaa hapo nimelishika. Sikulia, mimi si mtu wa kulia ovyo. Nilichojutia ni kile kidogo kilichobaki kuufikia waya, urefu wa kiganja tu, ningekuwa nimemtoa mmoja na mwenye kuzunguka angepunguziwa mmoja. Na nilijutia ya zamani. Shemeji waliporudi wakasema tayari, kijiji kizima tulitaka iwe tayari. Mvua ilikuwa inakuja na ubani umekwisha. Hakuna aliyeuliza, na ya waya je?

Mlango wa jikoni ukalia. Nikatoka na shuka langu. Tumaini alikuwa amesimama kizingitini, buti mguuni, vitanzi vya waya vimejaa begani kama shanga za bibi harusi, anatafuta kiberiti.

"Huendi kutega," nikamwambia.

"Shikamoo kwanza, Mama."

"Marahaba. Huendi kutega. Baba yako amekuja."

Akanitazama vile watoto wanavyotazama mzee wakidhani akili imeanza kuhama. "Mama, ulikula maharage usiku. Maharage yanaotesha."

"Nilikula viazi. Na yeye hakula. Hajala tangu tumzike, kwa sababu hajamaliza mzunguko. Amesema mitego yake bado inakamata."

Tumaini alikuwa ameshafungua mdomo kunijibu kitu cha kuchekesha, namjua, ana mdomo wa baba yake. Hakukisema. Alijua sheria ya mtegaji na chakula, baba yake alimfundisha hapo hapo jikoni. Akageuza shingo akavitazama vitanzi begani mwake, kimoja kimoja, vipya, vinang'aa mahali koleo lilipouma. Akaviteremsha akaviweka chini polepole, kama mtu anayeogopa visije vikafunga.

Nje kulikuwa kunapambazuka, sakitu imelala mpaka karibu na mlango.

"Kwa hiyo tunapanda kuitoa," akasema.

"Tunapanda."

"Iko mingapi, Mama?"

Nikafunga shuka kiunoni, magoti yangu yakiuma kama kawaida.

"Hata yeye hajui," nikamwambia.