Neno Ambalo Gabrieli Hakulifua

Bonaventure, Mkongo wa Bukavu, alikuwa mtunza boila, na usimwite mfagiaji, tafadhali. Katika kiwanda cha dobi kilichofua mashuka ya hoteli za Stockholm, yeye ndiye aliyeangalia boila kubwa la umeme lililozipa mvuke mashine zote. Miaka sita alitoka nyumbani kwake mtaa wa Bredäng alfajiri, akafika, akalisikiliza likinguruma, akajua kama limeamka vizuri. Kazi hiyo alitafutiwa na Gabrieli, Mtanzania wa Kigoma, msimamizi wa zamu. Walikuwa chanda na pete. Hata Précieuse, binti wa Bonaventure, alipobatizwa, Gabrieli ndiye aliyesimama kuwa baba yake wa ubatizo.

Mwishoni mwa 2009 mkurugenzi alileta habari mpya. Siku za baridi kali, nchi nzima ikiwasha joto, umeme hukaribia kutotosha. Kwa hiyo wenye gridi ya taifa walitafuta viwanda vya kukaa kama akiba: vikipigiwa simu, vizime mashine haraka. Kwa kule kukaa tayari tu vingelipwa, hata simu isipolia msimu mzima.

Bonaventure alicheka mpaka machozi. "Kaka Gabrieli, yaani hapa délestage wanakuomba kwanza, na wanakulipa juu! Sisi Bukavu walikata tu, maharage yako jikoni."

"Sisi tunaita mgao wa umeme," Gabrieli alisema. "Lakini hapa kwetu haiwezekani. Ukizima boila ghafla, mashuka yote yanaharibika."

"Haiwezekani kwa asiyejua."

Jamani, mtu aliyekulia kwenye kukatiwa umeme, utamfundisha nini kuhusu kuzima? Wiki mbili Bonaventure aliandika kwenye daftari: mashine ipi izimwe kwanza, mvuke uliobaki kwenye mabomba umalizie mashuka yapi, boila liwashwe vipi bila kupasua vali. Dakika kumi na tano, kila kitu kimetulia. Aliandika kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa, maana Kiswidi chake kilikuwa cha dukani tu. Akampa Gabrieli amtafsirie na kumpelekea mkurugenzi. Minong'ono ya kupunguza watu ilikuwa imeanza, naye aliamini daftari lile lingeonyesha kwamba bila yeye boila haliendi.

"Niachie mimi," Gabrieli alimwambia. "Mambo yako yatanyooka."

Januari wakaitwa wote kantini. Mpango ulikuwa umemulikwa ukutani, Kiswidi safi, na chini yake jina la aliyeutunga: Gabrieli. Bonaventure alidhani wamekosea. Mkurugenzi akaweka kidole kwenye mstari wa nne.

"Gabrieli, hili neno *délestage* maana yake nini?"

Lilikuwa limebaki pale, na kialama chake juu ya e. Gabrieli, mtu wa mgao, alikohoa. "Ni... neno la kitaalamu."

La kitaalamu! Lo, kuna watu wana macho makavu! Séraphine wa pasi, Mkongo mwenzake, alimgeukia Bonaventure, akaguna. Bonaventure alitaka kusimama aseme, lakini Kiswidi chote kilimkimbia. Mkurugenzi akaendelea: kwa kuwa hatua zimeandikwa wazi namna hii, kompyuta itaziweza. Kuanzia Machi boila litajizima na kujiwasha lenyewe. Gabrieli atakuwa msimamizi wa nishati. Mtunza boila hatahitajika tena.

Basi daftari la kuokoa kazi ndilo lililoiua. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na huyu maskini alishinda katikati ya nguo miaka sita asimwone chawa.

Siku ya mwisho Gabrieli alimfuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ameshika keki.

"Baba Précieuse, usinichukie. Hata mimi nilikuwa kwenye orodha ya kupunguzwa. Ningefanyaje?"

Bonaventure alikunja ovaroli yake polepole. Alimtazama yule mtu mpaka keki ikateremka mezani yenyewe.

"Bukavu nimekatiwa umeme maisha yangu yote," alisema, "na sijawahi kumjua aliyekata. Kila siku nilitamani nimwone uso. Kumbe Mungu alikuwa ananihurumia. Huyu wa hapa namjua, Gabrieli. Binti yangu anamwita baba."